Simu niliyotaka kuikata: fursa zinavyokuja kupitia watu tuliofanya nao kazi

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu, za Jumapili. Nipo hapa Nyakato, umeme umekatika toka asubuhi nikasema ngoja niandike hiki kitu maana kimenikaa moyoni. Juzi kijana wa jirani, kamaliza chuo cha ufundi mwaka jana, ana miaka 22, kaniambia "kaka mjini hapa kama huna mjomba ofisini husogei." Alivyokuwa anaongea nikaona kabisa huyu keshakata tamaa. Sikuwa na jibu la haraka la kumpa, jibu langu ni refu, ndo hili.

Mi ni fundi wa mitambo ya baridi. Nilifanya kazi miaka 9 kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, sitakitaja. Kwa ambao hamjawahi kuingia humo, minofu ya kusafirisha mibichi inakaa kwenye barafu inawahi ndege, ile ya kugandisha inaingia kwanza chumba cha kupuliza upepo wa baridi, sisi tunakiita blasti, kinafika hasi 35 huko, ikishaganda mpaka moyoni inahamia stoo ya hasi 18 inasubiri kupakiwa. Blasti ikigoma usiku wa manane kuna tani za samaki zinaanza kulainika na anayeamshwa ni wewe fundi. Ndo maisha niliyoishi.

Sasa mwaka 2018, saa nane usiku, mvua ile inayokuja na upepo wa ziwani, kuna lori la kontena la baridi lilikuwa limepaki getini linasubiri karatasi. Halikuwa letu, ni la mteja, limeshapakia, safari Nairobi kupitia Sirari. Dereva akaja mpaka karakana ameloa chapachapa anasema mashine yake inasoma hasi 9 na inazidi kupanda. Kikazi hainihusu kabisa, mzigo ukishatoka mlangoni kwetu na karatasi imesainiwa imeisha hiyo. Ila nilimwangalia yule mtu anavyotetemeka nikajua mzigo ukiharibika atakayebebeshwa ni yeye, nikachukua tochi nikatoka nae.

Nikaanza na kompresa. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini unaukandamiza sikioni, ukifanya hivyo unasikia beringi za ndani kama mtu anakunong'oneza, zikichoka zinasaga kama mchanga kwenye meno. Hii haikuwa inasaga, ilikuwa inaimba safi. Maana yake baridi inatengenezwa ila haisambai. Nikamwambia dereva tufungue huku, kweli feni ya ndani imesimama na koili imejaa theluji nyeupe. Nikafuata waya wa feni kidole kwa kidole mpaka nikafika sehemu ukiutazama ni mzima kabisa lakini ukiuvuta unarefuka kama lastiki ya soksi, shaba imekatika ndani ya plastiki. Nikaunganisha, tukayeyusha ile theluji, tukawasha. Tulikaa pale dakika kama 40 tunaangalia namba, hasi 9, hasi 11, ilipofika hasi 14 yule mtu akakaa chini kwenye lami iliyoloa akashika kichwa.

Nikamshika mkono nikamvutisha ule waya wa zamani na yeye asikie unavyorefuka, nikamwambia siku nyingine joto likipanda anza kuuliza feni inazunguka au haizunguki kabla hujamwita mtu. Akatoa elfu kumi, nikakataa. Asubuhi tukanywa chai na chapati kwa mama ntilie wa getini, tukapeana namba, yeye akanisevu "Fundi Baridi" kwa sababu jina langu hakulishika vizuri. Basi. Hatukuwahi kuonana tena.

Mwaka 2021 samaki walikuwa wamepungua, shifti mbili zikawa moja, tukapunguzwa. Nilitoka na geji yangu, spana zangu na barua. Miezi mitano nilitafuta kazi kwa njia ninayoijua mimi, yaani kwa watu wangu wa karibu. Shemeji, kaka zangu, mabest wa mtaani, watu wa jumuiya kanisani. Wote walinihurumia na wengine walinipa hela ya kula, Mungu awabariki sana, ila kazi hakuna aliyekuwa nayo. Nilikopa kwenye zile programu za mikopo ya haraka ya simu, wale jamaa wakawa wananipigia kila siku kwa namba mpya, ikafika mahali namba ngeni sipokei.

Siku hiyo nipo ndani ya daladala natoka Igoma, simu inaita, namba ngeni. Kidole kiko pa kukatia. Mpaka leo sijui kwa nini nilipokea. Sauti ikasema "Fundi Baridi, bado upo?"

Alikuwa yule dereva. Ameacha lori, anafanya kazi kwa mtu anayesambaza chakula kwenye kambi za wafanyakazi kule Kigongo lilipokuwa linajengwa daraja la Kigongo-Busisi. Wana kontena la nyama na samaki, baridi imekata, mafundi wawili wamekuja wamejaza gesi ikatoka, tajiri kachanganyikiwa. Wakati wanajadili nani aitwe, yeye akasema kuna mtu mmoja namjua ALINIONESHA waya.

Hayo maneno ndo yaliyonifanya niandike uzi. Hakusema namjua fundi mwenye cheti, cheti changu hajawahi kukiona. Hakusema ni rafiki yangu, hatukuwa marafiki. Alikuwa amebaki na kitu kimoja kichwani kuhusu mimi miaka mitatu nzima, kwamba nilimwonesha waya.

Naenda kuchaji simu kwa jirani mwenye sola, narudi kumalizia.

Sangara Mbichi

Mkuu hapo umekatiza pabaya, tumekaa tunasubiri.

Mkweli wa Mabatini

Mleta uzi hadithi nzuri ila tusidanganyane. Hii ndo koneksheni ile ile tunayoilalamikia kila siku, wewe umebahatika iko upande wako. Mimi nimefanya interviu mahali 2022, mtihani nimefaulu, mchujo nimepita, mwisho kachukuliwa mtoto wa dada yake na bosi ambae hata siku ya mtihani hatukumuona. Saa hizi nipo bodaboda na digrii yangu. Ukimwambia kijana "jenga mahusiano kazini" unamwambia akajipendekeze kwa wakubwa.

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Nimerudi. Mkweli wa Mabatini pole sana ndugu yangu, ulichofanyiwa ni dhuluma na sitaipaka rangi. Mtu kubebwa nafasi ya mwenzie ambayo imeshindaniwa ni wizi. Ila naomba uone tofauti moja. Yule mtoto wa dada aliitwa kwa sababu ya tumbo alilotoka. Mi niliitwa na mtu ambae hanidai wala simdai, hana udugu na mimi, na kama ningeenda nikashindwa kuponyesha lile kontena yeye ndo angeaibika mbele ya tajiri wake. Aliweka jina lake rehani kwa kitu alichokiona kwa macho. Na angalia pia hakuwa mkubwa wangu. Alikuwa dereva ameloa mvua. Wakubwa wangu niliowanyenyekea miaka 9 hakuna hata mmoja aliyenipigia.

Naendelea. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile dakika anasubiri jibu kwenye simu. Moyo ulikuwa unaniambia kataa. Mi nimezoea mitambo mikubwa ya amonia, lile kontena linatumia gesi nyingine na ubongo wa umeme ambao nimeugusa mara chache. Halafu akasema wanataka kotesheni, ile karatasi ya kutaja bei kabla ya kazi, na risiti, mi sina kampuni, sijawahi kuandika kotesheni maisha yangu yote, mshahara ulikuwa unaingia tu tarehe 28. Nikamwambia ukweli wote, nikasema kaka hiyo aina nimeigusa mara mbili tatu, nakuja kuiangalia, nikiona imenizidi nitakuambia siku hiyo hiyo na sitakula hela ya mtu, na upande wa karatasi sina kitu. Akacheka akasema njoo kwanza.

Shida ilikuwa upenyo mdogo kwenye bomba linapoingia ukutani, pamesuguliwa na mtikisiko mpaka pamekuwa pembamba. Wenzangu walijaza gesi bila kutafuta inapotokea. Nilitumia povu la sabuni ya unga na subira, saa tatu nzima, mpaka nikaona vipovu vidogo vinatoka kama macho ya dagaa. Nikachomelea, nikavuta hewa yote, nikajaza kwa mizani.

Kwenye karatasi aliyeniokoa ni dada wa stoo wa kule kiwandani. Huyu kila fundi alimuona msumbufu, boliti moja tu hakupi bila fomu mbili. Mi nilikuwa namjazia fomu zake vizuri na namrudishia vifaa visivyotumika, basi, hakuna la zaidi kati yetu. Nilipompigia nikiwa na aibu akaniambia njoo Jumamosi. Tukakaa kwake Kirumba, akanionesha kusajili jina la biashara BRELA, wale wa usajili wa biashara, kwenye mtandao, akanielekeza TIN, namba ya mlipa kodi, kule TRA, leseni ya halmashauri, halafu akachukua daftari la mtoto wake akanichorea kotesheni. Akasema kila kitu mstari wake, gesi kilo ngapi kwa bei gani, ufundi peke yake, usafiri peke yake, usiandike jumla tupu, mtu wa manunuzi akiona jumla tupu anahisi kaibiwa hata kama ni bei ndogo. Ile karatasi ninayo mpaka leo, pembeni kuna hesabu za mtoto za darasa la tatu.

Kontena moja likawa matatu, nikapewa kuyaangalia kila mwezi. Daraja lilipokamilika na kuzinduliwa tarehe 19 Juni 2025 wale watu wa kambini wakatawanyika, mmoja yupo Geita, mwingine Kahama, na kila mmoja kaondoka na namba yangu. Daraja lenyewe nalo limenipa wateja, kama kilomita 3 hivi unavuka kwa dakika chache, zamani simu ikitoka Sengerema jioni unaanza kupiga hesabu ya foleni ya kivuko unaona bora useme kesho.

Mwalimu wa Malimbe

Nimeupenda uzi huu, nachangia kidogo kwa upande wa darasani. Hicho ulichokiona kwamba watu wa karibu walikuhurumia lakini kazi ikatoka kwa mtu wa mbali, kuna mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter alikiandika mwaka 1973. Aliwauliza watu wa mji wa Newton karibu na Boston waliopata kazi kupitia mtu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliokuwa wanaonana nae mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki, walikuwa asilimia 16.7 tu. Wa mara moja moja asilimia 55.6. Na ambao wanaonana nae mara moja kwa mwaka au hata hapo hawafiki, asilimia 27.8. Sababu aliyoitoa ni nyepesi kuielewa ukiwa Mwanza, watu wako wa karibu wanasikia habari zile zile unazosikia wewe, mnakaa kijiwe kimoja, mnasali pamoja. Yule wa mbali anatoka kwenye kijiwe kingine, anasikia usiyoyasikia.

Lakini Mkweli wa Mabatini nae ana hoja, kwa sababu kama ajira zote zinapita kwa mtu anayemjua mtu, kijana ambae hajawahi kupata nafasi ya kuonekana akifanya kazi anaanzia wapi? Hapo ndo mafunzo kwa vitendo yanapokuwa na thamani kuliko wanafunzi wangu wanavyofikiri. Wengi wanaenda kugongewa muhuri.

Mama Chanja

Jamani na mimi niseme, mimi nipo Igombe nakausha dagaa. Mnajua dagaa ni kazi ya giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika maana taa haiwavuti, kwa hiyo tunapata siku chache za kukimbizana. Zamani nilikuwa naanika chini mchangani kama wote, nikahamia chanja, dagaa wanakauka juu hawana mchanga hawana kinyesi cha kuku, wanang'aa.

Kuna kijana kuli pale mwaloni Kirumba alikuwa ananibebea magunia. Nilikuwa namlipa siku hiyo hiyo, simkopi, na siku ana homa nikamnunulia dawa, ilikuwa huruma tu sikuwa na mahesabu. Siku moja mnunuzi wa Kongo kamuuliza yeye, sio dalali, kamuuliza kuli: wewe unayebeba za wote, za nani hazina mchanga? Kuli anajua mama, maana gunia lenye mchanga linamlemea yeye begani. Akanitaja.

Mnunuzi akataka magunia 60. Mimi uwezo wangu 20 giza zima. Usiku ule sikulala, nikikubali nikashindwa nimejiharibia, nikikataa ameenda. Nikawafuata wanawake wawili jirani zangu wenye chanja nikawaambia ukweli bei ni hii, sharti ni hili, hakuna kuchanganya wa chini. Mmoja akaleta gunia nne zina mchanga nikamrudishia kwa machozi maana ni rafiki yangu. Tulipeleka 56 nikamwambia mnunuzi zimepungua nne na sababu ni hii. Huyo mteja tupo nae mpaka leo na ameniletea wenzie wawili.

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Mama shikamoo. Hapo kwa kuli nimesimama. Anayejua ubora wa kazi yako ni yule anayeibeba begani.

Na mimi niwaambie na niliyoiharibu, msije mkadhani nimepokea kila simu. Mwaka 2023 muuguzi mmoja wa kituo cha afya huko visiwani upande wa Ukerewe, alikuwa mgonjwa mwenzie na mke wangu wodini, tulizoeana pale. Akanipigia Alhamisi kwamba friji yao ya chanjo inapanda joto. Chanjo zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8, ikizidi zinaharibika, ikigandisha pia kuna chanjo zinaharibika kama ya pepopunda, kwa hiyo sio friji ya kusema ngoja. Mi nilikuwa na kazi ya hela nzuri mjini, nikasema "nitakuja dada" kwa ile sauti ya kumridhisha mtu. Sikusema lini. Ijumaa hakupiga akijua naja. Jumatatu nilipopiga mimi akaniambia kwa upole kabisa walishahamishia chanjo kituo kingine kwa mtumbwi na wakapata fundi mwingine.

Hakunitukana. Ila hajawahi kunipigia tena, na mi najua kwa nini. Mtu yeyote akimuuliza atasema yule fundi ni mzuri lakini haji. Kama ningemwambia Alhamisi ile ile "dada siwezi mpaka Jumanne, mpigie fulani," nisingempoteza, na huyo fulani angenikumbuka. Nimelibeba hilo. Siku hizi nikipigiwa natoa jibu lenye siku ndani yake, hata kama jibu ni hapana.

Dada wa Pasiansi

Kaka mada nzuri ila wanawake tunaisoma tofauti kidogo, naomba niiweke wazi. Mimi ni mhasibu. Kuna bosi mmoja alinifungulia "fursa", semina Bukoba, posho nzuri, jina langu kalipeleka mwenyewe. Kufika kule nikakuta chumba kimoja. Nikalala kwa mama mmoja mhudumu wa hoteli, asubuhi nikapanda basi nikarudi Mwanza, semina sikuifanya. Baada ya hapo ofisini nilisemwa kwamba sijui kushika nafasi.

Dada zangu hiyo sio fursa na sio mahusiano ya kikazi. Ni rushwa ya ngono, ipo kwenye sheria ya kuzuia rushwa kifungu cha 25, namba ya TAKUKURU ni 113 bure. Mimi wakati ule sikujua na nilinyamaza, naumia kwamba nilinyamaza. Kazi niliyonayo sasa nimeipata kwa mkaguzi wa nje aliyekuja kukagua vitabu vyetu mara mbili tu, mwanamke, aliona mafaili yangu yamepangwa. Alinitafuta yeye. Na alichonipa kilikuwa na barua, na mkataba, na mchana kweupe.

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Dada asante kwa kulisema hilo hapa mbele ya watu, sio rahisi. Nikubaliane na wewe bila kupunguza neno. Na kwa upande wetu mafundi kuna ya "cha juu", mtu anakuletea kazi ya laki tano anasema andika milioni moja na laki mbili tugawane. Nimeletewa mara tatu. Anakuja na sura ya rafiki, mlikuwa nae kazini, anakuita kaka. Ukiisaini mara moja wewe ni wake, siku akikamatwa jina lililopo kwenye risiti ni lako.

Sangara Mbichi

Swali mkuu. Hao watu wa zamani unawashikaje bila kuonekana ombaomba? Maana mi nikimpigia mtu niliyefanya nae kazi 2017 leo, cha kwanza anajua nataka hela.

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Mpigie siku huna shida. Mi nikimaliza kazi, baada ya wiki mbili natuma meseji moja, "mashine inaendeleaje, bado inashika hasi 18?" sio kwa kutafuta kazi, kweli nataka kujua kama mkono wangu ulishika. Wengine wanajibu wengine hawajibu, sawa. Namba nazisevu na kitu tulichofanya, nina "mama wa friza nyeupe Mkolani", nina "kaka wa blasti namba 2", jina lake nikilisahau kazi siisahau. Na misiba. Hapa kwetu ukisikia mtu mliofanya nae kazi kafiwa, nenda hata kama mchango wako ni elfu tano, kaa kwenye mkeka, salimia, ondoka. Hapo usiongee kazi kabisa, umeenda msibani.

Kikubwa na wewe uwe unawaita. Nikipata kazi ya umeme mkubwa ambayo siiwezi namtaja mwenzangu wa zamani wa karakana. Yule dereva mwaka jana alitaka kununua lori la mkono wa pili, nilienda nae Usagara kulisikiliza, nikaweka bisibisi sikioni nikamwambia hili usinunue.

Mkweli wa Mabatini

Mleta uzi nimesoma mpaka hapa. Bado nina hasira na ile interviu, sitadanganya. Ila nimekumbuka kuna mzee nilimpakia na boda mwezi mzima kumpeleka kliniki Bugando, alikuwa ananiuliza mambo ya hesabu za duka lake nikawa namsaidia kupanga. Aliniambia njoo uone vitabu vyangu mi nikadhani anaongea tu. Sijaenda.

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Nenda kesho.

Kijana wa Buhongwa

Samahani kaka zangu, naomba kuuliza. Mimi nimesoma friji na AC, nimemaliza, nafanya friji za nyumbani na za dukani za soda mtaani. Mtu kama mimi ambae sijawahi kufanya kazi kiwandani nitajulikana na nani?

Mzee wa Kamanga

Kijana wa Buhongwa, nimekuwa nikisoma kimya. Mimi nasimamia mashine ya barafu ya wavuvi upande huu wa Sengerema, msaidizi wangu kaondoka mwezi uliopita. Sihitaji profesa, nahitaji anayeweza kuamka saa kumi alfajiri na asiyeficha akiharibu. Nimekutumia namba inboksi.

Kijana wa Buhongwa

Mzee shikamoo, asante sana. Ila mzee sijawahi kushika mashine ya barafu hata siku moja, naogopa nitaharibu. Labda nisubiri nipate kwanza uzoefu?

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Mdogo wangu uzoefu huo utaupata wapi ukiwa umekaa Buhongwa? Sikiliza. Friji ya soda ina kompresa, ina kondensa, ina ekspansheni valvu au kile kibomba chembamba, ina ivapureta. Mashine ya barafu ina hivyo hivyo vinne, ni vikubwa tu, na maji yanamwagika juu ya baridi halafu kisu kinakwangua. Gesi inazunguka njia ile ile. Usichokijua ni ukubwa na hatari zake, na hicho unamwambia mzee kwa mdomo wako kama ulivyoandika hapa. Mpigie sasa hivi, saa mbili hii bado hajalala. Mwambie friji za dukani nimetengeneza ngapi, mashine ya barafu sijawahi, nikija naomba wiki ya kwanza nisimame pembeni yako niangalie. Mpaka hapo umeshamwambia kila kitu anachohitaji kujua.

Mama Chanja

Piga mwanangu.

Kijana wa Buhongwa

Nimepiga. Nilimwambia kama kaka alivyosema. Kanyamaza kidogo nikadhani simu imekata, halafu kasema Jumatatu nivuke na kivuko cha kwanza cha Kamanga, nije na kopi ya cheti, barua ya serikali ya mtaa na viatu vya usalama. Vingine ninavyo. Viatu sina.

BisibisiSikioni (mleta uzi)

Unavaa namba ngapi?